Mnyama Mkali Hakumla

Sisi tunaochunga sharika za milima ya Usambara tumezoea kuulizwa maswali ya namna mbili juu ya hadithi. La kwanza huulizwa na vijana wa Kipaimara: je, jambo hili lilitokea kweli? La pili huulizwa na watu wazima, kwa sauti ya chini, baada ya ibada, wakati wengine wako nje kwenye mnada wa sadaka wakishindania ndizi na kuku: kama lilitokea kwa yule, mbona kwetu halikutokea?

Hadithi tunayotaka kuitafakari hapa ni ile ya mtoto aliyepotea porini akalindwa na mnyama mkali. Huku Soni karibu kila ukoo unayo ya kwake. Mara ni chui wa msitu wa Magamba, mara ni simba aliyepanda kutoka nyikani upande wa Mkomazi, mara ni kundi la nyani. Mtoto alitumwa kuni, au alikuwa akichunga mbuzi, ukungu ukashuka kama unavyoshuka huku kwetu, ghafla na mzito, akapoteza njia. Asubuhi alikutwa amelala chini ya mti, hana hata mkwaruzo, na nyayo za mnyama zimeuzunguka mti ule. Jina la mtoto halijulikani. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa wa kijiji cha pili. Daima ni kijiji cha pili.

Tusiwacheke wasimuliaji. Yapo matukio ya siku zetu yaliyoandikwa magazetini, yenye mahali na mwaka. Mwezi Juni 2005, kusini-magharibi mwa Ethiopia, eneo la Kefa, msichana wa miaka 12 alitekwa na kundi la wanaume waliotaka kumwoza kwa nguvu. Walimshikilia kwa siku kadhaa na kumpiga. Polisi na jamaa zake walipomkuta walieleza kwamba simba watatu walikuwa wamewafukuza watekaji, wakabaki karibu naye kwa muda wa nusu siku bila kumdhuru, kisha watu walipofika wakarudi zao msituni. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mtaalamu mmoja wa wanyamapori wa huko alisema huenda kilio cha msichana kilifanana na sauti ya mtoto wa simba, na ndiyo maana hawakumla. Wengine hawakuamini kabisa. Wakristo wengi walisema: Mungu wa Danieli yu hai.

Twaanza na hilo la mtaalamu, kwa sababu ndilo linalowasumbua vijana wetu waliosoma sayansi. Wanadhani wakikubali kwamba simba walidanganywa na kilio, basi wamemtoa Mungu katika habari hiyo. Si hivyo. Baba yetu wa imani, Martin Luther, alifundisha kwamba viumbe ni vinyago ambavyo Mungu huvivaa ili afanye kazi yake katikati yetu bila kuonekana. Katika Katekisimo Kubwa, anapoieleza Amri ya Kwanza, anasema viumbe ni mkono na mfereji tu ambao kwa huo Mungu hutupatia mema yote, kama anavyompa mama maziwa ili amnyonyeshe mtoto. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa tunajua jinsi maziwa yanavyotengenezwa mwilini, basi mtoto hakulishwa na Mungu. Kunguru waliomletea Eliya mkate na nyama kwenye kijito cha Kerithi (1 Fal. 17:6) walikuwa kunguru kweli, wenye tamaa ya kunguru. Kama sikio la simba liliumbwa lisikie kilio cha mtoto wake na kulegea, na kilio cha binti wa Kefa kikapita katika mlango huohuo, sisi hatuoni hapo mahali ambapo Mungu amefukuzwa. Twaona mlango ambao aliuweka tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali la kwanza halitupi shida sana. Jambo linalotupa shida ni lingine, nalo husahaulika upesi kila habari hii inaposimuliwa. Watu hukumbuka simba watatu. Ni wangapi wanakumbuka kwamba kulikuwa na wanaume?

Hebu tuzitazame habari nyingine. Mwaka 2005 huohuo, mwezi Mei, jijini Nairobi, mtoto mchanga wa kike alitupwa karibu na msitu wa Ngong akiwa amefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mbwa jike asiye na mwenyewe, aliyekuwa amezaa, aliubeba mfuko ule, akavuka nao barabara yenye magari mengi, akapita uzio wa waya, akaenda kumlaza mtoto pamoja na watoto wake. Watoto wa mtaa ule ndio waliosikia kilio. Yule mbwa alipewa jina la Mkombozi. Twajua wapo Wakristo waliokunja uso kwa jina hilo, maana ni jina tunalolitaja tukiwa tumesimama. Lakini ukilitafakari, ni afadhali tuone haya kwa sababu ya kilichomfanya mtoto yule ahitaji mkombozi wa miguu minne kuliko kwa sababu ya jina.

Na nchini Uganda, mnamo mwaka 1991, kijana mdogo alionekana msituni pamoja na kundi la tumbili. Wanakijiji walipokwenda kumtoa, tumbili waliwarushia vijiti. Alieleza baadaye, alipoweza kueleza, kwamba alikimbilia msituni baada ya baba yake kumwua mama yake, na kwamba tumbili walimpa vyakula na kumvumilia katikati yao. Alilelewa katika nyumba ya yatima ya Kikristo, akajifunza kuimba, akasafiri nje ya nchi na kwaya. Wataalamu wamebishana ni kwa kiasi gani tumbili walimlea na ni kwa kiasi gani yeye aliwafuata tu. Wacha wabishane. Hakuna aliyebisha juu ya baba.

Ziweke habari hizi tatu pamoja uone. Binti wa Kefa hakupotea, alitekwa. Mtoto wa Nairobi hakupotea, alitupwa. Kijana wa Uganda hakupotea, alikimbia nyumbani kwao. Hadithi zetu za kijiji cha pili husema mtoto alipotea, kwa sababu neno hilo halimshitaki mtu. Ukungu ulishuka, basi. Lakini mara nyingi kabla ya mtoto kuwa mikononi mwa mnyama alikuwa mikononi mwa watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Biblia yetu inalijua hilo vizuri. Tumezoea kuitumia kama ghala la wanyama wema: simba wa Danieli, kunguru wa Eliya, samaki wa Yona. Twasahau habari iliyo kinyume chake katika Mwanzo 37. Ndugu kumi wanamtupa mdogo wao shimoni, wanamwuza kwa wasafiri, wanachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba. Naye Yakobo anahitimisha jambo ambalo wanawe walitaka alihitimishe, kwamba mnyama mkali amemrarua mwanawe. Hakuna mnyama aliyemgusa Yusufu. Palikuwa na simba wengi katika nchi ile, lakini hakuna hata mmoja anayetajwa kwamba alisogelea shimo. Mnyama anaingia katika habari hii kama mshitakiwa asiye na hatia, aliyebebeshwa kosa la watu waliokuwa wameketi wakila chakula. Na baba wa watu analia miaka mingi, huku wanawe wakijidai kumfariji.

Sisi wa Usambara tunapaswa kuisoma sura hiyo polepole kuliko wengine. Baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, nchi hii iliingia katika vita vya watoto wa ukoo mmoja. Misafara ilipita chini kule bondeni mwa Pangani, na Semboja, mwana wa Kimweri, aliketi Mazinde penye njia yake. Watu wa milima hii walikamatwa na watu wa milima hii na kuuzwa pwani, watoto pamoja nao. Wakati huo mama wa Kishambaa aliyemzuia mwanawe asishuke nyikani peke yake hakuwa akihofia simba tu.

Tena tunayo habari iliyo ya kale zaidi kuliko hiyo, inayojulikana na kila mtoto wa hapa, nayo ni ya Mbegha. Abdallah bin Hemedi aliiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila, na wazee wa Vuga wanaisimulia bila kitabu. Mbegha wa Nguu aliota meno ya juu kwanza. Alikuwa kigego. Desturi ya nchi hizi ilisema mtoto wa namna hiyo ni mkosi kwa ukoo wake, asiachwe aishi. Wazazi wake walimficha desturi hiyo isimfikie. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa sababu hiyohiyo ya meno, akawa mtu wa porini, mwindaji, mwenye mbwa wake na mikuki yake. Akapanda milima hii akiua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa unga. Akiwa njiani kwenda Vuga aliua simba usiku, na watu walipomwona juu ya ngozi yake wakamwita Simba, jina ambalo wafalme wa Wakilindi waliendelea kuitwa: Simba Mwene.

Angalieni jinsi hadithi hii ya kwetu ilivyogeuza mambo. Hakuna simba aliyemlinda mtoto. Aliyehukumiwa kutupwa ndiye aliyekuja kuwalinda watu dhidi ya simba. Sisi hatuisimulii ili kumfanya Mbegha kuwa Kristo, wala hatupendi mahubiri yanayokimbilia huko. Ufalme wake ulikuwa na damu yake kama falme zote. Tunaisimulia kwa ajili ya swali moja ambalo wasikilizaji hulipita: vigego wengine je? Mmoja alifichwa na wazazi wake, akawa mfalme, na jina lake twalijua. Wale ambao wazazi wao walitii desturi hawana hadithi. Kama walipelekwa msituni, msitu haukuleta habari zao.

Hapo ndipo tunapofika mahali pagumu, na hatuwezi kupazunguka.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mojawapo ya sharika tulizotumika, mtoto wa miaka mitano aliwafuata kaka zake msituni walipokwenda kuokota kuni. Walidhani amerudi nyumbani; nyumbani walidhani yuko nao. Ilikuwa mwezi Julai, na ninyi mnaoijua Lushoto mnajua Julai ni nini. Mvua nyembamba ilinyesha usiku kucha. Alionekana siku ya tatu, ameegemea shina la mti, amekufa kwa baridi. Hakuna mnyama aliyemgusa. Msibani ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alisimama kutoa neno la faraja, akasimulia habari za simba watatu wa Ethiopia ili kuonyesha kwamba Mungu huwatunza watoto hata katika pori. Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, akitutazama sisi wachungaji wala si ndugu yule: "Baba Mchungaji, na wa mwanangu alikuwa wapi?"

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa majibu ya swali hilo, na majibu mengine ni mazuri kwa karatasi ya mtihani. Mbele ya mkeka ule hayasemeki. Twajua yapo makanisa ambako mama angeambiwa kwamba hakuomba vya kutosha, au kwamba kuna laana ya ukoo inayotakiwa kuvunjwa, kwa malipo. Huo ni ukatili, na twausema waziwazi. Ni ile desturi ya vigego iliyorudi ikiwa imevaa suti: mtoto anakufa, kisha anatafutwa wa kubebeshwa mkosi.

Maandiko yenyewe hayatusaidii kutoroka. Kitabu kilekile cha Wafalme chenye kunguru wa Eliya kina dubu wawili waliotoka mwituni na kuwararua vijana 42 waliomdhihaki Elisha (2 Fal. 2:24). Tumesikia maelezo mengi ya kulainisha aya hiyo, na hakuna hata moja linalotutosheleza. Kina pia simba wa 1 Wafalme 13, aliyemwua nabii njiani kisha akasimama kando ya maiti pamoja na punda, asile maiti wala asimrarue punda. Simba wa Danieli na simba yule wana Muumba mmoja. Mtu anayehubiri wa kwanza tu anauza nusu ya kitabu.

Luther alikuwa na neno kwa ajili ya mahali kama hapo: Mungu aliyefichika. Alituonya tusijaribu kumchungulia huko alikojificha, bali tumshike pale alipojionyesha, katika mwanadamu Yesu. Basi tumtazame huyo. Marko anaandika kwa kifupi sana kwamba Yesu alikaa jangwani siku arobaini, naye alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu, na malaika wakamhudumia (Mk. 1:13). Hawakumdhuru. Huyo ndiye mtoto wa hadithi zetu, aliye salama kati ya wanyama. Lakini Injili haiishii jangwani. Inampeleka mjini, kwa watu, na huko hakuna mnyama aliyesimama kati yake na askari, na hakuna malaika aliyetajwa msalabani. Aliuliza swali la mama yule kwa maneno yake mwenyewe, akiuliza kwa nini ameachwa. Sisi hatuna cha kumwambia mama zaidi ya hicho: kwamba mwenye kuuliza swali lake kwanza alikuwa Mwana wa Mungu, na kwamba Baba aliyenyamaza Ijumaa ile hakunyamaza siku ya tatu. Hilo halielezi baridi ya Julai. Tulilisema, si siku ile, bali wiki nyingi baadaye, tukiwa tumeketi naye jikoni kwake akimenya viazi. Hakutujibu. Aliendelea kumenya, akatukaribisha chakula.

Tangu hapo tumekuwa na msimamo ambao wenzetu wengine wanauona mkali: hadithi ya mnyama aliyemlinda mtoto isisimuliwe msibani. Ina mahali pake kwingine. Yeremia, au yeyote aliyeandika Maombolezo, alipoutazama Yerusalemu ulioharibiwa, alisema kwamba hata mbweha huwapa watoto wao ziwa, lakini watu wake wamekuwa wakali kama mbuni wa jangwani (Omb. 4:3). Hapo mnyama hakuletwa ili kufariji. Aliletwa awe shahidi wa mashtaka. Na sisi twaona hayo ndiyo matumizi yanayoifaa zaidi hadithi hii: isimuliwe kwa wazima, wenye nguvu, walio na watoto majumbani mwao na kwa majirani. Isimuliwe katika ibada ya Jumapili ya kawaida, watu wakiwa wameshiba.

Kwa maana vigego bado wapo. Meno hayahesabiwi tena, lakini kuna mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Kuna watoto wenye ualbino waliowindwa katika nchi hii na watu wenye viatu na simu, si na chui. Kuna binti anayetolewa hapa milimani akiwa na miaka 12 au 13 kwenda kufanya kazi za ndani mjini, kwa ahadi ya shule, na nauli hulipwa na mtu asiyejulikana vizuri. Mabasi ya Mombo yanapita hapa Soni kila siku, na sisi sote tunayaona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pake. Wangapi kati yetu tumewahi kufanya hivyo? Tunasema, ni mambo ya ukoo wao. Ndugu zake Yusufu nao walikuwa ukoo.

Kuna pia jambo ambalo hadithi hizi huficha kuhusu upendo wa mnyama wenyewe. Kule Samburu, Kenya, mwishoni mwa mwaka 2001, simba jike alimchukua ndama wa choroa, akamlinda, akatembea naye, akalala naye. Wasamburu walimwita Kamunyak, aliyebarikiwa. Watalii walikuja kuona unabii wa Isaya 11 ukitimia. Lakini simba yule hakuwa na maziwa ya kumfaa ndama, na kwa kumlinda yeye mwenyewe hakuweza kuwinda, wakadhoofika wote wawili. Baada ya wiki mbili hivi alisinzia kando ya mto, simba dume akatokea, akamla ndama. Kamunyak alichukua ndama wengine baada ya huyo. Hatujui kilichokuwa moyoni mwa mnyama yule, na hatutaki kumdharau. Alifanya lile aliloweza kwa usiku na mchana bila kupumzika. Ila mtoto anahitaji zaidi ya kutokuliwa. Anahitaji maziwa, jina, cheti cha kuzaliwa, daftari, mtu wa kumwuliza amechelewa wapi.

Hayo yana historia katika milima hii. Mwaka 1896 huko Lutindi ilianzishwa nyumba ya kuwapokea watoto waliookolewa kutoka utumwani, na miaka michache baadaye mahali hapohapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ipo mpaka leo chini ya Kanisa letu. Hatusemi wamisionari walikuwa malaika. Walikuja katika kivuli cha serikali ya kikoloni, na watoto wale hawakuulizwa wanataka kuitwa nani. Lakini mtu alikaa usiku na mtoto aliyelia kwa lugha isiyojulikana na yeyote nyumbani mle. Irente, juu ya Lushoto, Dayosisi yetu ina nyumba ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao au kuachwa, na wanaohudumu humo ni mabinti wa vijiji hivihivi vyetu. Ukifika saa tisa alasiri utawakuta wamekaa barazani, kila mmoja ana mtoto mmoja mapajani na mwingine mgongoni, wakizungumzia bei ya vitambaa. Hakuna gazeti la dunia lililokuja kuandika habari hiyo.

Tulisikia habari nyingine hivi karibuni, ya mwishoni mwa Desemba 2024, kutoka Zimbabwe. Mtoto wa kiume, wa umri wa darasa la kwanza au la pili, alipotea akaingia katika hifadhi ya Matusadona, yenye simba na tembo wengi. Alikaa siku tano. Alikula matunda ya mwitu, alichimba mchanga wa mto mkavu kwa kijiti apate maji, akalala juu ya mwamba huku akisikia simba. Kwenye simu zetu habari hiyo ilifika ikiwa tayari imebadilishwa, kwamba simba walimlinda. Hakuna aliyeona hilo. Lakini kuna jambo lililoonwa na kusikika: watu wa kijiji chake walipiga ngoma kila siku, ili kama yu hai asikie upande wa nyumbani ulipo, na askari wa wanyamapori walifuata nyayo ndogo kwenye matope mpaka wakamfikia.

Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili hapa kwetu aliwasimulia watoto habari hiyo bila simba, na ngoma zikabaki. Mtoto mmoja akauliza, je, sisi tukipotea mtapiga nini? Mwalimu alikuja na swali hilo kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na kikao kilichopangwa kuzungumzia mabati kikachukua saa mbili kulijibu. Kengele ya kanisa husikika mpaka ng'ambo ya bonde kukiwa hakuna upepo. Kipaza sauti cha msikiti husikika mbali zaidi, na imamu, tulipomwendea, alisema yeye hahitaji barua, apigiwe simu tu saa yoyote. Tukakubaliana mapigo yawe ya haraka, yasiyofanana na ya ibada wala ya msiba, na kila nyumba yenye kijana na tochi itoe mtu mmoja. Mzee mmoja aliuliza kama kengele ipigwe hata kwa mtoto ambaye huenda yuko kwa shangazi yake tu, akiwa analala. Ikaandikwa kwenye muhtasari: ipigwe.